Mchanga wa Asubuhi na Mchanga wa Alasiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na jembe. Jirani yetu wa Ngamiani alikuwa ameniambia kwamba kwenye uwanja wa gofu wanatafuta wanawake wa kung'oa magugu, nami nikalifunga jembe la mama kwenye keria ya baiskeli kwa ukanda wa mpira, nikafika kabla geti halijafunguliwa. Nyapara wa uwanja alikuwa Mbondei wa makamo, mwenye kofia ya pama iliyotoboka juu. Alinitazama, akalitazama jembe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Jembe la nini, mwanangu?"

"La magugu."

"Wa magugu wametosha. Wewe una mikono mirefu. Njoo huku."

Alinipa reki, fimbo ndefu yenye kichwa cha ubao na meno ya misumari, akanipeleka kwenye shimo pana lililojaa mchanga. Akaniambia hilo linaitwa banka. Mchezaji wa gofu anapiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka mbali, shabaha yake ikiwa grini, yaani ule uwanda wa nyasi fupi kama zulia wenye kishimo na bendera. Banka limewekwa njiani au pembeni ya grini ili mpira uliopotea kidogo uingie humo, na mwenye mpira ahangaike kuutoa.

"Mzee," nikauliza, "kama mashimo yanawatesa, kwa nini hamyafukii?"

"Tukiyafukia watakuja kufanya nini? Kutembea? Si watembee mjini."

Akaniacha. Nilichana mchanga ule kwa bidii zote za msichana wa miaka kumi na tisa. Hakuna aliyekuwa amenifundisha, basi nilianza pembeni nikaelekea katikati, nikizunguka kama mtu anayefagia ua. Aliporudi alisimama ukingoni na kuniangalia kwa muda.

"Umechana vizuri sana, kama nywele za bi harusi," akasema. "Haya, sasa toka bila kukanyaga."

Nilikuwa katikati. Yeye akaenda zake, na vicheko vya wale wanawake wa magugu ninavisikia hadi leo.

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza: unaingia banka kwa upande wa chini, unatoka kwa upande huohuo ukirudi kinyumenyume, na reki inafuta unyayo wako wa mwisho ukiwa tayari umesimama nyasini. Mengine yalifuata polepole. Sakafu ya banka inataka mchanga wa kina cha kiganja, lakini kwenye kuta zake mchanga uwe mwembamba na umeshindiliwa kwa mgongo wa reki, ili mpira ukigonga ukuta uporomoke hadi chini badala ya kunasa mahali ambapo mtu hawezi hata kusimama. Na unachana kwa kufuata njia ya bendera. Ukichana kukingama, unaacha vijituta, na mpira ukikaa nyuma ya kituta fimbo haiufikii sawasawa.

Kila asubuhi Nyapara alipita na mpira mmoja mfukoni. Alinyoosha mkono usawa wa bega na kuuachia mpira uanguke mchangani. Ukibaki juu ukionekana wote, alisema mchanga ni mgumu. Ukizama nusu, alisema ni laini. Ukizama ukabaki kama kiini cha yai la kukaanga, na duara la mchanga kuuzunguka, hakusema kitu, aliutazama tu uso wangu nami nikashika reki upya.

Nilikaa naye miaka mingi. Niliolewa, nikafiwa na mume, na dada yangu Mwanahawa alipofariki nikamchukua mwanawe, Athumani, akiwa bado hajaota meno ya mbele ya pili. Nilimlea kama wangu. Sikujaliwa mwingine.

Watu wengi hudhani banka ni adhabu kwa kila mchezaji. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka walipokuja kwetu wachezaji wa kulipwa, wale tunaowaita mapro. Mchezaji wa kawaida mpira wake ukiingia bankani uso hubadilika. Pro akiona mpira unaelekea kwenye nyasi ndefu hushika kichwa, lakini akiona unaingia kwenye mchanga mzuri hushusha pumzi. Nyasi ndefu hazina uhakika. Mchanga uliotengenezwa vizuri, mkavu kiasi, wenye unyevu kiasi, mpira umekaa juu yake kama yai kwenye kikombe, kwa pro ni kama kupewa pole. Anapiga mchanga nyuma kidogo ya mpira, mchanga unaunyanyua, mpira unatua karibu na bendera na kusimama. Kwa hiyo banka la pro ni gumu au jepesi kwa kadiri ya mtu aliyeshika reki alfajiri. Jambo hilo likinijia akilini nikiwa nachana, mgongo ulikuwa ukininyooka wenyewe.

Kutoka pale mjini nilihamishiwa kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, ambako Meneja alikuwa na uwanja wa mashimo tisa uliozungukwa na mistari ya mkonge. Meneja alikuwa Mgiriki mzee, mzaliwa wa hukohuko, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wake. Kule hakukuwa na maji ya kumwagilia, kwa hiyo hata grini hazikuwa za nyasi. Zilikuwa za mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta ili upepo usiubebe. Hapo ndipo nilipojua mchanga hasa, kwa sababu usipochagua mchanga unaofaa, oili haikusaidii kitu.

Siku moja Meneja aliniita barazani kwake. Alikuwa na ile lenzi yake ya kusomea magazeti, na mezani ameweka mafungu mawili ya mchanga juu ya karatasi.

"Tatu, angalia. Huu wa baharini, huu wa mtoni juu kwenye maporomoko."

Nikaangalia. Punje za baharini zilikuwa mviringo kama ulezi, zimesuguliwa na maji miaka na miaka. Zile za mtoni zilikuwa na pembe, kama chumvi ya mawe iliyovunjwa.

"Mchanga wa mtoni una meno," akasema Meneja. "Punje zinaumana, kwa hiyo zinashikana. Wa baharini hauna meno. Ukiuweka mpira juu yake unazama kama mtu aliyekaa kwenye gunia la ulezi."

Nilipostaafu niliulizwa na vijana kadhaa nilisomea wapi kazi hii. Nilisomea barazani, kwa lenzi ya mtu mzee.

Shamba lilipofungwa, ule uwanja ukageuka malisho. Nami nikaajiriwa kwenye uwanja mpya wa hoteli moja kwenye barabara ya Pangani, minazi upande huu na bahari upande ule. Nikapewa cheo cha Msimamizi wa Mabanka, na wanawake wanane chini yangu. Juu yangu alikuwepo Msimamizi Mkuu wa Uwanja, kijana aliyesomea nyasi ng'ambo, mpole, mwenye kupenda vipimo. Mwenye hoteli alikuwa amejaza mabanka mchanga mweupe wa ufukweni kwa sababu unapendeza kwenye picha. Wiki ya kwanza nilimwomba Msimamizi Mkuu aniazime mpira. Nikauachia kutoka begani, ukazama hata rangi yake isionekane. Alichuchumaa, akauchimbua kwa kidole, hakubishana. Mwezi huo malori yalianza kuleta mchanga wa mtoni, tukauacha unyeshewe masika nzima ndipo ukatulia. Mchanga mpya ni kama mgeni, huwezi kumtuma siku ya kwanza.

Athumani wakati huo alikuwa mtu mzima. Alianza kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo pale mjini, akajifunza kwa kutazama, na kufikia miaka ninayoisimulia alikuwa pro anayejulikana Dar na Arusha, ingawa hajashinda shindano lolote kubwa. Ndipo tukasikia kwamba mashindano ya mapro, siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, yatafanyika kwenye uwanja wetu. Watu wangetoka Nairobi, Kampala na Lusaka. Mshindi angealikwa kucheza nje, kule ambako Athumani alikuwa akikuota tangu utotoni.

Ijumaa tulitengeneza mabanka kama kawaida. Alfajiri tuliyanyunyizia maji, tukashindilia kuta, tukachana sakafu kwa meno ya karibukaribu kufuata njia ya bendera. Mapro wakacheza kama wako kwao. Nilimsikia mmoja akimwambia mbeba mifuko wake, "Bora uingie mchangani kuliko nyasini." Jioni Mkurugenzi wa Mashindano, bwana mrefu kutoka Dar es Salaam aliyezoea kusikilizwa, akatuita mimi na Msimamizi Mkuu kwenye banda la mashine.

"Mabanka yenu ni mikeka ya kulalia," akasema. "Mpira ukiingia wanacheka. Kesho nataka waogope."

"Kuwatia hofu naweza," nikamjibu. "Kuna njia tatu. Kuongeza kina cha mchanga, kuacha matuta kwa reki yenye meno yaliyoachana, au kuuacha mchanga ukauke. Unataka ipi?"

"Matuta. Na maji msinyunyizie."

"Matuta sawa, yatawatisha wote. Maji ndiyo sikubaliani nayo, bwana. Huu ni msimu wa kaskazi. Asubuhi kuna umande, mchanga unashikana wenyewe. Ikifika saa sita jua limeshaukausha, ni vumbi tupu. Wa asubuhi watacheza uwanja mmoja na wa alasiri watacheza mwingine."

"Jua ni la Mungu, Bi Tatu."

"Jua ni la Mungu, bwana, lakini reki ni yangu."

Akatabasamu, lakini amri yake haikubadilika. Usiku tuling'oa meno ya reki zetu, tukabakiza moja katika kila matatu.

Jumamosi ilikwenda kama nilivyosema. Waliocheza asubuhi waliona matuta wakanung'unika kidogo, lakini mchanga ulikuwa umeshikana na wakatoka salama. Athumani alikuwa mmoja wao. Alicheza vizuri mno. Waliocheza alasiri, mipira yao ilikuwa inazama kati ya matuta mpaka wengine walipiga mara mbili ndipo watoke. Kabla jua halijapoa mapro watano walikuwa wamesimama mbele ya meza ya Mkurugenzi, na hawakuwa wanatabasamu. Kwenye ubao wa matokeo Mzambia mmoja mtulivu alikuwa wa kwanza, na Athumani alikuwa nyuma yake kwa mpigo mmoja, maana katika gofu aliyepiga mara chache zaidi ndiye anayeongoza. Katika siku ya mwisho wanaoongoza hucheza mwisho. Maana yake Athumani angecheza Jumapili alasiri.

Nilikwenda tena kwenye lile banda. Nikasema kesho tupige maji kidogo saa sita mchana, mabanka yote, ili mchanga wa alasiri ufanane na wa asubuhi.

Mkurugenzi aliniangalia safari hii bila tabasamu. "Nimeambiwa yule kijana wa pili kwenye ubao ni mwanao."

"Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye niliyemlea."

"Leo alicheza asubuhi, hukusema neno. Kesho anacheza alasiri, unataka maji."

Sikuwahi kuona aibu kama ile kazini. Uso uliniwaka moto. Nilijiuliza mwenyewe pale pale kama kuna ukweli ndani yake. Aliyenijibia ni Msimamizi Mkuu, kijana ambaye miaka yote sikumsikia akipandisha sauti.

"Alisema jana, Bwana Mkurugenzi. Alisema hapahapa ulipokaa, na jana hakuna aliyejua nani atacheza saa ngapi Jumapili. Sisi wawili ndio hatukumsikiliza."

"Usiniamini mimi," nikamwambia Mkurugenzi. "Uamini mpira. Twende."

Tukaenda watatu kwenye banka la karibu. Nilinyunyizia pembe moja kwa bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa mashambani, maji kidogo tu kiasi cha kulowesha ngozi ya juu. Pembe nyingine nikaiacha. Tukasubiri maji yanywee. Mkurugenzi akauachia mpira mwenyewe, kwa mkono wake, mara kumi huku na mara kumi kule. Kwenye ukavu ulizama mara saba kama kiini cha yai. Kwenye unyevu ni mara moja tu. Alikung'uta suruali.

"Saa sita kamili," akasema. "Mabanka yote, na mimi nitakuwepo. Matuta yabaki."

"Yabaki. Na banka la shimo la kumi na nane achane mtu mwingine," nikamwambia, kwa sababu hilo ndilo shimo la mwisho, na huko ndiko mashindano huamuliwa.

Alifikiri kidogo. "Hapana. Lichane wewe."

Jioni ile, baada ya magharibi, Athumani alikuja nyumbani Nguvumali kwa bodaboda. Nilimwandalia chai ya tangawizi na mkate wa kumimina anaoupenda. Alikula kipande kimoja, akawa anakizungusha kikombe.

"Shimo la kumi na nane," akasema, "lile banka la kulia kwa grini. Kesho matuta mtayachana kukingama au kunyoosha?"

Naomba mnielewe uzito wa swali hilo. Matuta yakinyooka kuelekea bendera, mpira ukikaa kwenye mfereji bado fimbo inaweza kupita. Pro angeweza kuthubutu kuilenga bendera akijua kwamba hata akikosea, mchanga utamsamehe. Yakikingama, fimbo inakutana na tuta kabla ya mpira, na mwenye busara hupita mbali kushoto. Nilikuwa nimeshapewa maagizo na Mkurugenzi: kukingama. Mchezaji mwingine yeyote asingelijua hilo mpaka afike pale.

"Kesho utaona, mwanangu," nikamwambia.

"Mama mdogo, nimekuuliza tu."

"Nimesikia."

"Yule Mzambia ana kocha, ana kila kitu. Mimi nina wewe."

Jamani. Angenipiga kofi ingekuwa nafuu. Nilijishughulisha na birika. Nilimkumbuka akiwa mdogo akilala mguuni kwangu, nikakumbuka na uso wa Mkurugenzi aliposema nilichane mimi. Athumani akainuka akaniaga kwa adabu, akatoka. Chai yake ilibaki nusu.

Jumapili nililichana lile banka kukingama, mistari myoofu ya upana wa vidole vitatu, kina sawa mwanzo hadi mwisho. Sikulifanya gumu zaidi ili nionekane mwema wala sikulipunguza. Saa sita tulipiga maji mabanka yote, Mkurugenzi akitembea nasi amevua viatu na kuvishika mkononi ili asiharibu kazi yetu. Siku hiyo wa asubuhi na wa alasiri waliogopa sawasawa.

Athumani na Mzambia walifika shimo la kumi na nane wakiwa sare. Bendera ilikuwa imesimikwa kulia, karibu na banka langu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba na reki yangu, maana katika mashindano sisi ndio tunaotengeneza mchanga baada ya mchezaji kutoka. Mzambia alilitazama lile banka kwa mbali, akapiga kushoto, mahali penye nafasi. Mpira wake ukakaa kwenye grini, mbali na bendera lakini salama. Athumani alisimama muda mrefu. Akalenga bendera.

Ulikuwa mpigo mzuri sana, mzuri kiasi kwamba watu walianza kushangilia ukiwa bado hewani. Ukapungua hatua moja tu. Ukagonga ukingo, ukaporomoka ukutani kama kuta zetu zilivyotengenezwa, ukaingia kwenye mfereji na kutulia.

Alishuka bankani. Akautazama mpira, akayatazama matuta, kisha akainua macho akaniona. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akapiga. Mchanga ukaruka, mpira ukatoka, lakini ulitoka bila kuzunguka, ukatua na kukimbia hatua sita kupita bendera. Mzambia akamaliza kwa mipigo yake miwili ya grini. Athumani akausukuma wake, ukachungulia shimo na kupita pembeni. Kashindwa kwa mpigo mmoja.

Watu walipokuwa wakimpongeza Mzambia, mimi niliingia bankani kufuta nyayo za mwanangu. Nilianzia chini, nikarudi kinyumenyume, kama nilivyofundishwa. Zilikuwa nyayo za kina, za mtu aliyejipanda vizuri kabla ya kupiga. Nilizifuta moja moja huku machozi yakinitoka.

Asubuhi yake alipanda basi bila kupita nyumbani. Miezi iliyofuata alipiga simu mara chache, salamu fupi, uko salama, niko salama. Sikujuta, lakini niliumia, na nilijifunza kwamba hivyo ni vitu viwili ambavyo vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kugombana.

Mwaka uliofuata magoti yaliniambia inatosha. Waliniaga vizuri: kitenge, feni ya kusimama, na hotuba ya Msimamizi Mkuu iliyojaa vipimo mpaka watu wakasinzia. Aliyenirithi ni mmoja wa wale wanawake wanane, na bado hunipigia simu mvua ikinyesha kuuliza kama asubiri au achane. Huwa namwambia aende akaukanyage kwa kisigino kwanza. Mchanga unajieleza.

Vijana wanaotaka kazi hii nawaambia wasiionee haya. Hakuna atakayekumbuka jina lako. Ukifanya vizuri, watazungumzia wachezaji. Ukifanya vibaya, watazungumzia mchanga. Mimi siku nzuri kwangu ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeutaja mchanga tangu asubuhi hadi jioni, nami nikapanda baiskeli yangu nikarudi nyumbani kula.

Idi iliyofuata baada ya kustaafu, nikiwa jikoni nageuza pilau, nilisikia hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Athu. Pita."

Alikula sahani nzima kwanza. Kisha akaniambia kwamba walikutana tena na yule Mzambia, Arusha, wakakaa meza moja. Mzambia alimuuliza kuhusu yule mwanamke aliyeingia bankani baada yake siku ile, kwa nini alikuwa analia.

"Nikamwambia ni mama yangu," akasema Athumani. "Akaniuliza, ndiye aliyechana yale matuta? Nikasema ndiye. Akauliza, na hakukuambia? Nikasema nilimuuliza, akanikatalia."

"Akasemaje?"

"Akasimama pale pale hotelini, akanipa mkono. Alisema kwa Kiingereza, lakini kwa kwetu ni kama kusema, basi kikombe changu ni halali." Athumani alitazama sahani yake. "Tangu siku hiyo, mama, na mimi kushindwa kwangu nakuona ni halali. Kushindwa kule nilikuwa nimekubeba kama mzigo wa wizi."

Nilichukua sahani yake nikaenda jikoni kumwongezea pilau. Nilikaa huko kidogo, mpaka niliposikia ananiita na kuuliza kama mpunga wa hiyo pilau naulima kwanza.